Kuanzia Namba Mbili

Mzee Ambilikile alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Kifua hakikumsumbua. Alikohoa ili Rut, mke wa mwanawe Lugano, asikie, aache alichokuwa akifanya na atokee mlango wa jikoni. Rut naye akitaka kuingia, humwomba mama mkwe wake, Felista, achungulie kwanza kama njia ni nyeupe. Ndivyo watu hao wawili walivyoishi nyumba moja pale Kyela mjini, upande wa barabara iendayo Mwaya, kwa miaka mitatu mizima bila kutazamana usoni hata siku moja.

Wapo watakaosema mambo hayo yalishapitwa na wakati. Ni kweli, mwaka ule wa 1999 nyumba nyingi za Wanyakyusa zilikuwa zimelegeza kamba, mkaza mwana anampelekea mkwe chai na wanaongea habari za mvua. Lakini Felista alilelewa Busale na bibi asiyejua mzaha, na katika nyumba yake mke wa mwana hamwoni baba mkwe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Felista asilaumiwe. Alikabidhiwa heshima hiyo kama wengine wanavyokabidhiwa shamba, akaitunza.

Mzee alikuwa mtu wa kompyuta. Alifanya kazi hiyo Dar es Salaam katika shirika la umma, mpaka shirika likauzwa, wenyewe wapya wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi kwao na kompyuta moja kuukuu iliyoonekana haina kazi tena, kama yeye. Akaiweka sebuleni juu ya meza ya mninga, akaifunika kitambaa cha kufuma. Lugano hakuitaka hata kuigusa. Yeye maisha yake yalikuwa baiskeli, sabuni na vitenge, leo yuko Kasumulu, kesho yuko Karonga, upande wa Malawi, kwa wajomba zake, na kwa ajili hiyo mto Songwe aliujua kuliko chumba chake cha kulala.

Rut ndiye aliyeiulizia. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na ujuzi wa kupiga chapa, na siku moja akifuta vumbi aliona kioo kimewaka rangi ya samawati, kimejaa maneno yasiyoeleweka. Akamwambia Felista. Felista akaenda chumbani akasema, "Baba Lugano, mwenzio anauliza yale maandishi ni ya nini." Mzee akaomba aletewe daftari. Miaka mitano alikuwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kesho yake Rut alikuta daftari juu ya kinanda cha kompyuta. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa kalamu ya risasi nyekundu, herufi kubwa kubwa, maana sukari ilikuwa imeanza kumla mzee macho: "Hii ni Paskali, lugha ya kuandikia programu. Utaandika kwa maneno ya watu, kisha mashine itayageuza kuwa maneno yake. Huko kugeuza ndiko kukompaili. Bila hivyo, ulichoandika ni barua tu isiyotumwa."

Programu yake ya kwanza ilikuwa na mistari sita na makosa tisa. Alisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari, mashine ikalalamikia mstari unaofuata, naye akaupekua mstari huo asubuhi nzima mpaka akataka kulia. Akaichapa kwenye karatasi kwa printa ya mzee, akaiacha mezani. Ilirudi na maneno mekundu: "Mashine ikilalamikia mstari wa nne, angalia wa tatu. Mtu hujikwaa hapa, akaanguka pale." Mara nyingine alitumia jina ambalo hakulitangaza juu, na mzee akaandika: "Mgeni hujamtambulisha, tayari unampa jembe."

Yaliyoshindikana kwa karatasi yalipita kwa mdomo. Mzee hukaa chumbani nyuma ya pazia, Rut mbele ya kompyuta, na Felista katikati, kwenye kigoda, ungo wa mchele mapajani. Siku moja Rut alijumlisha namba tatu ndogo, akapata elfu ishirini na kitu.

"Mama Lugano," mzee akasema kutoka chumbani, "mwulize mwanangu, kabla ya kupima mpunga, debe alilimwaga kwanza?"

"Anakuuliza kama debe ulilimwaga," Felista akasema, macho kwenye mchele.

"Mama, mwambie sikulimwaga."

"Hakulimwaga."

"Nimesikia," mzee akasema, na wote watatu wakacheka, kila mmoja upande wake. Rut akaandika kwamba jumla ianze na sifuri, ikakubali.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Rut alikuwa hajawahi kuwa na furaha ya namna ile. Lugano akirudi safari humkuta mkewe ana wino vidoleni, humtania kwamba ameolewa na kompyuta, naye akajibu kwamba kompyuta angalau hulala nyumbani.

Kazi yenyewe ilitoka hospitalini. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, na wagonjwa wa kisukari walioandikishwa pale walikuwa kumi na tisa. Insulini yao iliagizwa Mbeya kila mwezi, ikashuka na gari kwenye sanduku la barafu. Muuguzi Doreen alikuwa akikokotoa kwa mkono idadi ya vichupa, na mara ikizidi, mara ikipungua. Daktari, mgeni aliyetoka mikoa ya kaskazini, akasema hospitali imepata kompyuta, na akitokea mtu wa kuiandikia programu ya kuagiza, mtu huyo atapewa kazi. Mzee aliposikia akamtuma Felista: "Mwambie mwanangu hii ni yake. Macho yangu yanakwisha. Nataka nimwone ameshika kazi kabla hayajazimika."

Amwone! Felista alilifikisha neno hilo kama lilivyo, bila kucheka.

Rut akaiandika kwa wiki tano. Programu ilisoma orodha ya wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, kuanzia namba moja hadi kumi na tisa, ikajumlisha vichupa vya kila mmoja, ikatoa hesabu ya kuagiza. Mgonjwa namba moja alikuwa mzee mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa pale. Rut aliingiza majina yote, mstari wa kwanza akauacha wazi. Mzee akakohoa, Rut akatoka, mzee akaingia akajaza jina lake kwa vidole viwili.

Siku ya kuipeleka, mwishoni mwa Januari, Rut aliamka na jambo moja kooni. Daktari alikuwa ameagiza orodha isomwe kwa sauti, jina kwa jina, huku Doreen akilinganisha na daftari la wagonjwa. Jina la kwanza angelisomaje? Mbele ya watu, kwa kinywa chake? Saa moja asubuhi akaketi mbele ya mashine, akatafuta pale palipoandikwa ianze na moja, akaandika ianze na mbili. Ya leo tu, alijiambia, nikirudi nairudisha. Akaiamuru mashine ikompaili na kuweka kwenye diski. Mashine ikajibu kwamba hakuna kosa.

Hospitalini alisoma orodha kuanzia namba mbili. Doreen akainua macho. "Na wa kwanza?"

Rut akatazama chini. Doreen naye alikuwa mke wa mtu, na kwao ni Katumba Songwe, hakuhitaji kuelezwa. "Aa," akasema, "mkweo huyo," akaweka alama daftarini mwenyewe. Daktari hakuona kitu. Akampongeza Rut, akamwambia aiweke programu kesho, na kazi aanze Jumatatu.

Alasiri hiyo Rut alitimiza ahadi. Alifungua kompyuta, akafuta mbili, akaandika moja, akahifadhi, akaiendesha. Jina la mkwe likatokea juu kabisa ya orodha, naye akaliziba kwa kiganja kwa haya, akitabasamu. Jumla ilikuwa thelathini na nane, sawasawa. Akachapa maandishi yote, akayaacha mezani. Mzee aliyapitia mstari kwa mstari na kioo cha kukuzia, na chini akaandika: "Safi. Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana, tena kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mzee hakuwahi kuitumia katika masomo. Kesho yake Rut akainakili programu kwenye diski ndogo, akaipeleka hospitalini.

Sasa sikiliza palipo na mwiba. Mashine ile, usipoiamuru vinginevyo, hukompaili ndani ya kichwa chake tu, na ukiizima inasahau. Asubuhi Rut aliiamuru iweke kwenye diski. Alasiri, kwa furaha, hakuiamuru. Maandishi yalirudi kuwa moja, programu iliyokwenda hospitalini ikabaki ile ya asubuhi, inayoanzia mbili. Na mzee alishamfundisha hilo, ukurasa wa kumi na nne, kwa nyekundu: "Ulichoandika sicho kinachokimbia. Kinachokimbia ni kile ulichokompaili mara ya mwisho." Rut aliusoma ukurasa ule mpaka akaukariri, na kuukariri hakukumsaidia.

Mwezi wa Februari hakuna aliyejua. Programu ilitoa vichupa thelathini na sita badala ya thelathini na nane, lakini Doreen alikuwa na viwili vya akiba kabatini. Machi akiba haikuwepo. Mzee alikuwa na desturi ya kungoja wenzake wachukue kwanza, ndipo amtume Felista. Alisema mtu anayekaa karibu hana haraka. Felista alipofika alikuta kimebaki kichupa kimoja, tena kwa sababu mgonjwa mmoja wa Mwaya alisafiri. Doreen akaomba radhi, akasema labda Mbeya wamepunguza.

Mzee akakitumbukiza kichupa chake kwenye chungu cha maji, mahali alipovihifadhi vyote ili vipate baridi, akaanza kujidunga nusu. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua kabla sisi wengine hatujazaliwa, lakini alikuwa mwanamume wa kizamani, tena fundi, na fundi hupenda kwanza ajue tatizo ni nini ndipo apige kelele.

Akamtuma Felista alete nakala ya fomu ya kuagizia. Akaikaribisha puani kwake. Thelathini na sita.

"Mama Lugano," akasema, na sauti ilikuwa imekauka. "Vikipungua ovyo, huo ni uhaba wa Mbeya. Vikipungua vya mtu mmoja kamili, hilo ni kosa la programu. Mwambie mwanangu asiangalie maandishi, nimeyakagua ni mazima. Aangalie saa za mafaili."

Rut alikuwa mezani, alisikia kila neno. Hakungoja Felista arudie. Akaita orodha ya mafaili. Faili la maandishi: tarehe ile ile ya Januari, saa tisa alasiri. Faili la programu: tarehe ile ile, saa moja asubuhi.

Akakaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Programu ilikuwa kongwe kuliko maandishi yake. Ile mbili aliyoiandika ili asitaje jina la mtu, ilikuwa imemtoa mtu mwenyewe katika hesabu ya walio hai, na miezi miwili haikusema kitu.

"Anauliza umeona?" Felista akasema.

"Mama, mwambie nimeona," Rut akajibu, kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya migomba, akalia peke yake.

Siku hiyo hiyo alikompaili upya, kwenye diski, akaikimbiza hospitalini, akamweleza Doreen. Doreen akaagiza thelathini na nane, akaongeza viwili vya dharura. Agizo likafika Mbeya salama. Kilichogoma ni kurudi. Mvua ya Aprili mwaka ule ilinyesha kwa hasira, barabara ya kupanda Tukuyu ikakatika, na sanduku la barafu likakaa upande wa pili pamoja na malori ya ndizi. Kyela nzima haikuwa na insulini ya ziada. Waliokuwa nayo kidogo walikuwa wakiihesabu kwa tone. Lugano akapanda baiskeli, akasema atavuka Songwe aende Karonga, wajomba hawatakosa mtu hospitalini kule.

Siku ya pili tangu Lugano aondoke, asubuhi, Felista alikwenda hospitalini kuuliza kama kuna gari lililopenya. Rut alibaki jikoni. Mvua ilikuwa imepungua, matone tu yakidondoka kwenye bati. Ndipo aliposikia kutoka chumbani:

"Mama Lugano. Maji."

Akangoja. Labda Felista angetokea langoni. Hakutokea.

"Mama Lugano. Maji."

Rut akajaza kikombe, akaenda hadi kwenye pazia, akakiweka sakafuni, akakisukuma ndani kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia ukutani. Akarudi nyuma, akasikiliza. Kitanda kililia, kisha kimya, kisha pumzi nzito, ndefu, za mtu aliyepanda mlima. Kikombe hakikuguswa. Mzee hakuwa na nguvu ya kukifikia.

Heshima ilimfundisha asiingie, na aliyemfundisha heshima hayupo. Rut akajifunika kitenge kichwani mpaka puani, akainamisha macho, akaingia. Hakuona uso. Aliona mkono, umekonda, na kidole cha shahada kina alama nyekundu ya kalamu ya risasi, akaujua mkono huo kama unavyomjua mtu mliyesoma naye. Akakiinua kikombe, akauelekeza mkono hapo. Mzee akanywa, akaomba tena, akanywa.

Alijua aliyempa maji ni nani. Alijua vizuri sana. Lakini akasema, akiongea na kigoda kitupu mlangoni, "Mama Lugano, mwambie mwanangu asitafute kosa jingine. Lilikuwa hilo moja tu."

Rut machozi yakamtoka ndani ya kitenge. Akageukia kigoda kile kile. "Mama," akasema, "mwambie tata, baba yetu, anisamehe. Niliogopa kulisoma jina lake."

"Mwambie ninajua. Nami nilikagua karatasi, sikukagua diski. Mwalimu ndiye aliyekosa kwanza." Akapumua kwa shida. "Mwambie, safari hii ameiweka kwenye diski?"

"Mama, mwambie ndiyo. Nimetazama saa. Zinalingana."

"Nimesikia," mzee akasema.

Hakusema tena. Adhuhuri Felista alirudi na watu wanne na machela, wakambeba mpaka hospitalini, Doreen akamtundikia maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwepo. Akafa kesho yake kabla ya saa nne. Lugano aliingia alasiri, tope mpaka kiunoni, kichupa kimoja amekifunga kwenye kitambaa kibichi kifuani. Alikuta wanawake wameshaanza kulia uani. Akasimama na kichupa chake mkononi, akimwuliza kila anayepita akiweke wapi.

Walimzika Busale, kwenye migomba ya baba yake. Rut alilia pamoja na wakaza wana wengine, na hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa hakuna aliyejua ila Felista na Doreen. Felista alijua yote tangu siku ya saa za mafaili. Hakulisema popote. Usiulize kama alimsamehe. Alimpikia, akampakulia, akamwambia ale, na kwa mama mkwe aliyefiwa hilo si jambo dogo.

Wiki ya tatu Rut akarudi kazini. Barabara ilikuwa imetengenezwa, sanduku la barafu limefika, vichupa arobaini vimejipanga kabatini. Doreen akamkumbatia, akampa pole tena, kisha akasema kwa nia njema kabisa, akitafuta kumpunguzia kazi:

"Mwezi huu wagonjwa ni kumi na nane tu. Nimeitunza ile diski yako ya kwanza, ile inayoanzia wa pili. Si ndiyo sahihi sasa? Tuirudishe hiyo hiyo, usijisumbue."

Rut akaipokea diski ile, akaitazama pande zote mbili. Ni kweli. Tarakimu ile ile iliyomwua mzee sasa ilikuwa sawa, na ingetoa jumla bila kasoro mwezi baada ya mwezi. Akaitia kwenye mkoba, akaaga, akaenda nyumbani.

Sebuleni aliondoa kitambaa cha kufuma, akawasha. Alingoja kidogo kabla ya kuketi, masikio wazi, kama ilivyo desturi. Hakukohoa mtu. Akafungua orodha ya wagonjwa, akashuka mpaka mstari wa kwanza, ule ambao mzee aliujaza kwa vidole viwili.

"Ambilikile," Rut akasoma, kwa sauti.

Jikoni ungo wa Felista ukasimama. Rut akangoja kukemewa. Baada ya muda mchele ukaanza tena kupepetwa, polepole.

Akalifuta jina herufi moja moja, mpaka mgonjwa wa pili akapanda akawa wa kwanza. Pale palipoandikwa ianze na moja hakupagusa, ila kumi na tisa ya mwisho akaifanya kumi na nane. Akaiamuru mashine ikompaili, kwenye diski, akatazama saa za mafaili, zikalingana. Mashine ikajibu kama ilivyojibu asubuhi ile ya Januari: hakuna kosa lolote, bonyeza popote uendelee. Rut akakaa muda mrefu, mikono mapajani, bila kubonyeza.